Tupokigwe na Benchi la Nyuma

Kila Jumamosi Tupokigwe alikuwa na kazi mbili. Asubuhi alimsaidia mama yake kuuza mchele sokoni Tunduma, na alasiri alikwenda mazoezi ya kwaya. Ya kwanza aliifanya kwa sababu aliambiwa. Ya pili aliifanya kwa sababu aliipenda, na asiyeamini angemtazama akipepeta: ungo ulikwenda juu na chini kwa mapigo ya wimbo, mpaka wateja wakaanza kutingisha vichwa bila kujua.

Mchele wao ulitoka Kamsamba, na Mama Tupo hakumwacha mtu asahau jambo hilo. "Huu ni Kamsamba mtupu, baba, haujachanganywa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza vitunguu. Wateja waliovuka kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walimwita "bamayo", yaani mama kwa lugha yao, wakapunguziwa bei kwa heshima ya neno hilo tu. Alikuwa mwanamke mkarimu na mwenye msimamo. Sokoni alikuwa mfanyabiashara, kanisani alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani alikuwa yote mawili kwa pamoja.

Jambo moja lilimnyima raha: malori. Nyumba yao ilikuwa kilimani, na kanisa lilikuwa upande wa pili wa barabara kuu, pale ambapo malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni kusubiri kuvuka. Madereva hulala humo, hupika kando ya matairi na kuanika mashati kwenye vioo. Mama Tupo hakutaka binti yake awasogelee.

"Una miaka kumi na mitatu na uko darasa la saba," alimwambia Tupokigwe kila Jumamosi, kana kwamba mtoto hajui umri wake. "Dereva akikuita, wewe kiziwi. Akikupa soda, wewe huna kiu. Mazoezi yakiisha usipite peke yako kwenye malori. Mngoje Kaka Rabson akulete."

"Ndiyo, mama."

Kaka Rabson alikuwa mpiga kinanda wa kwaya na katibu wa vijana wa usharika. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye pikipiki nyekundu na mashati yaliyopigwa pasi yakanyooka. Aliwaamkia wazee huku ameinama kidogo. Waimbaji wanaokaa mbali aliwarudisha kwao bila kuwatoza hata shilingi, na kina mama walikuwa wakimwombea apate mke mwema. Watu wa Tunduma wanajua kuwachunga watoto wao na mtu mgeni anayepita. Mtu wanayesali naye hawamchungi.

Kanisani kwao kulikuwa na benchi moja nyuma kabisa, karibu na mlango. Lilikuwa la mbao kama mengine, ila watu waliliogopa. Hapo walikaa waliotengwa, yaani walioadhibiwa na kanisa kwa makosa yao. Aliyetengwa hakuimba kwaya wala hakushiriki Meza ya Bwana, na kila aliyeingia kusali alipita mbele yake.

Mwaka huo benchi lile lilikuwa na mtu mmoja tu. Alikuwa Brenda.

Brenda alikuwa mwimbishaji wa kwaya, yaani yule anayeanzisha wimbo wengine wakaitikia. Alipokuwa kidato cha pili alipata mimba. Wazee walipomwita na kumuuliza, alijibu kwamba mwanamume ni dereva wa lori aliyekwisha kuvuka mpaka. Hakuna aliyeshangaa. Wote walishika vichwa wakasema, "Si tulisema? Malori haya!" Brenda akaacha shule, akatolewa kwenye kwaya, akapelekwa benchi la nyuma. Sasa alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, na kila Jumapili alikaa pale akitazama sakafu.

Nafasi yake ya kuimbisha alipewa Tupokigwe. Na hapa kuna jambo ambalo Tupokigwe hakupenda kulikumbuka: ni Brenda aliyemfundisha kuimba. Alikuwa akimshika kidevu na kumwambia, "Inua uso, Tupo. Sauti haitoki kwa mtu aliyeinama." Lakini tangu Brenda atengwe, Tupokigwe hakumsalimu hata siku moja. Akimwona njiani alijifanya anafunga kamba ya kiatu, hata akiwa amevaa kandambili.

Mwaka huo huo kulitokea jambo jipya. Wachungaji, mapadri na masheikh wa Tunduma walikutana na watu wa kituo cha afya, wakakubaliana kwamba kila nyumba ya ibada itawapa vijana muda wa kufundishwa jinsi ya kujikinga na mimba za utotoni. Mwalimu alikuwa muuguzi, Nesi Fausta, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole. Ijumaa alifundisha msikitini, Jumamosi parokiani, na Jumapili alifika kwenye usharika wa Tupokigwe.

Baadhi ya wazee walinung'unika. "Haya ni mambo ya zahanati," alisema mmoja. "Hayafai kusemwa kanisani."

Mchungaji Asajile alimjibu taratibu. "Mtoto akipata mimba, tunamtangaza hapa hapa kanisani. Kumtangaza kunafaa, ila kumkinga hakufai?"

Mzee yule alikohoa, na semina ikapangwa.

Ibada ilipokwisha, vijana walibaki kwa ajili ya semina. Brenda naye alibaki ameketi kwenye benchi lake. Mama Tupo alimwona, uso ukabadilika. Alimwita binti yake. "Nenda kamwambie Brenda atoke. Semina hii ni ya watoto ambao hawajaharibika."

Tupokigwe angeweza kumwambia kwa kumnong'oneza. Lakini wenzake walikuwa wakimtazama, mama yake alikuwa akimtazama, naye akataka aonekane mtoto mwema. Akasimama katikati ya kanisa akasema kwa sauti ile ile ya kuimbisha, "Dada Brenda, mama anasema utoke! Semina si yako wewe uliyeharibika!"

Wengine walicheka. Brenda alimfunga mtoto mgongoni, akasogea mpaka karibu naye. Hakukasirika. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ndogo.

"Tupo, mazoezi yakiisha unarudi nyumbani na nani?"

"Hayakuhusu, dada."

Brenda alimtazama kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno, kisha akatoka nje.

Tupokigwe alirudi kukaa, lakini lile swali lilimchoma, maana chini ya godoro lake nyumbani kulikuwa na simu, na simu hiyo alipewa na Kaka Rabson.

"Ni ya kusikilizia nyimbo za kwaya," Rabson alikuwa amemwambia siku alipompa. "Ila usimwonyeshe mama yako. Wakubwa hawaelewi." Simu ilikuwa nzuri, na Tupokigwe hakuwahi kumiliki kitu kizuri namna ile, akaipokea. Baada ya hapo pikipiki haikuenda tena moja kwa moja nyumbani. Rabson alisimama njiani, akamwambia kwamba yeye si mtoto tena, akamwambia na maneno mengine ambayo mtu mzima hamwambii mtoto. Tupokigwe hakuyapenda. Alitaka kushuka, lakini aliona aibu, kwa sababu alikuwa amekwisha kupokea simu.

Mbele, Nesi Fausta alikuwa akifundisha. Alieleza kwamba mwili wa msichana na wa mvulana hubadilika, na kubadilika huko si dhambi wala si ugonjwa. Kisha akasema, "Zawadi ambayo mtu mzima anakupa na kukuambia uifiche si zawadi. Ni chambo. Samaki haoni ndoano, anaona chakula tu. Sasa niambieni, likikupata jambo kama hilo, utamwambia nani?"

"Mchungaji," alijibu mvulana mmoja wa mbele, kwa kuwa lilionekana ni jibu la kanisani. Wengine wakacheka kwa adabu.

Nesi Fausta hakucheka. Aliwatazama vijana, akaona macho yao yanakimbilia mahali pamoja: benchi la nyuma, ambalo sasa lilikuwa tupu. Aliuliza tena, lakini hakujibiwa.

Jumamosi iliyofuata, baada ya mazoezi, Rabson alisimamisha pikipiki mahali pasipo na nyumba.

"Kesho baada ya ibada njoo chumbani kwangu," alisema. "Uje peke yako. Nitakufundisha kinanda."

"Kesho kuna semina, kaka. Na mama hataniruhusu."

"Mama hatajua." Rabson alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikuwa na wema. "Usipokuja, nitamwambia kwamba uliniomba simu mwenyewe, na kwamba wewe ndiye unayenisumbua. Wataniamini mimi au wewe? Na benchi la nyuma unalijua, Tupo. Bado lina nafasi."

Tupokigwe alifika nyumbani. Mama yake alikuwa akipiga pasi kitenge cha kuvaa kesho. Tupokigwe alisimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaka Rabson amekuleta? Mungu ambariki kijana yule."

"Mama..." alianza. "Mtoto akikosea jambo dogo, halafu jambo likawa kubwa..."

Mama Tupo aliweka pasi chini. "Gwe Tupo, kosa ni kosa. Nakwambia mapema: mtoto wangu akinitia aibu kama Brenda, uso huu nitauficha wapi? Mimi mzee wa kanisa? Afadhali ardhi ipasuke." Kisha akaichukua pasi tena. "Ulikuwa unasema nini?"

"Hakuna, mama."

Alikwenda kulala na njaa. Aliionea aibu ile simu. Aliuonea aibu mwili wake mwenyewe, ambao haukuwa na kosa lolote. Zaidi ya yote aliyaonea aibu maneno aliyomtamkia Brenda mbele ya watu, maana sasa alilielewa lile swali. Brenda hakuuliza kwa umbea. Alikuwa anajua kitu.

Jumapili kanisa lilijaa. Nesi Fausta alikaa mbele pamoja na wake wa wazee, akingoja semina ya pili. Kwaya iliposimama, Tupokigwe alisogea mahali pa mwimbishaji akiwa na sare yake ya bluu. Simu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Alikuja nayo kwa sababu Rabson alikuwa amemwagiza aje nayo.

Rabson alianza kupiga kinanda. Ulipofika mwanzo wa wimbo alimwangalia Tupokigwe, akamkonyeza kidogo sana, kiasi kwamba mwingine asingeona.

Sauti haikutoka.

Rabson alirudia mwanzo. Watu walidhani mtoto amesahau, wakamwonea huruma. "Anza, mama," bibi mmoja alimtia moyo. Tupokigwe alifungua mdomo, akamwona mama yake katika kiti cha wazee akimtolea macho ya kusihi, akamwona Rabson, kisha akaliona benchi la nyuma.

Benchi hilo ndilo alilotishiwa. Akaona kwamba kama atakwenda mwenyewe, Rabson hatakuwa na kitu kingine cha kumtishia nacho. Na pale nyuma alikuwapo mtu mmoja ambaye hangemshangaa.

Alishuka. Alitembea katikati ya kanisa zima na sare yake ya bluu, akapita mabenchi ya wanaume na mabenchi ya wanawake, macho yote yakimfuata. Alipofika karibu na mlango, alikaa kando ya Brenda.

Kanisa lilivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Kila mtu alijua maana ya benchi lile, na kila mtu akafikiri jambo moja.

"Yesu wangu! Hata huyu mdogo?"

"Mtoto wa mzee wa kanisa!"

"Malori haya yatatumaliza!"

Mama Tupo alijifunika uso kwa khanga. Mabega yake yalionekana yakitikisika. Tupokigwe alimwona, akatamani kufa. Machozi yalimtoka bila sauti. Kisha akauhisi mkono wa Brenda ukishika wake.

"Ni yeye?" Brenda alinong'ona. Hakutaja jina.

Tupokigwe alitingisha kichwa kukubali.

"Inua uso, Tupo," Brenda alisema. "Usiiname."

Mchungaji Asajile alifunga ibada mapema. Watu walipokuwa wakitoka kwa shingo upande, Mama Tupo alifika kwenye benchi, akamshika binti yake mkono.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. "Niambie sasa hivi. Una mimba?"

"Sina, mama."

"Sasa kwa nini umekaa hapa? Twende nyumbani!"

"Mama, shikamoo," Brenda alisema akiwa amesimama na mtoto wake. Kwa kawaida hakuwa akithubutu kumsemesha mama huyo. "Naomba umsikilize kwanza kabla hujaenda naye. Mimi sikusikilizwa."

Nesi Fausta alikuwa amekwisha kuwafikia, na Mchungaji nyuma yake. Waliingia wote katika ofisi ya Mchungaji. Kabla mlango haujafungwa, Rabson alitokea akiwa na faili mkononi na kalamu sikioni.

"Mchungaji, niandike kikao?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kila mara wazee walipomhoji mtu.

Tupokigwe alijikunyata nyuma ya Brenda. Nesi Fausta aliliona hilo.

"Leo hatutahitaji mwandishi," alisema. "Kaa nje, kijana wangu." Akafunga mlango mwenyewe.

Mle ndani Tupokigwe alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza. Kisha maneno yakaja yote kwa pamoja, simu, njia ya pikipiki, kile kitisho, chumba alichoagizwa aende, akawa analia huku anasema. "Nilikosea kuipokea, mama. Nisamehe. Nilitaka kukuambia jana."

Mama Tupo alitazama ile simu kana kwamba ni nyoka. "Rabson?" alisema. "Rabson huyu anayetupigia kinanda?"

"Na mimi alinipa simu, mama," Brenda alisema. "Na mimi alinirudisha nyumbani kwa pikipiki. Nilipopata mimba, aliniambia, 'Sema ni dereva wa lori. Tunduma malori hayaishi, nani atafuatilia?' Siku wazee waliponihoji, yeye ndiye aliyekuwa anaandika majibu yangu. Ningesemaje?" Alimsogeza mtoto mgongoni. "Jumapili ile ya semina nilibaki ili nimweleze Nesi. Nikaambiwa nitoke."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Mchungaji Asajile alivua miwani, akaishika mkononi. Tupokigwe alitamani kuyarudisha mdomoni maneno yale aliyoyatamka siku ile, lakini neno likitoka halirudi.

"Dada Brenda, nisamehe," alisema. "Nilijua nakuumiza. Nilisema kwa sauti makusudi."

"Nilijua," Brenda alijibu. Halafu akaongeza, "Leo umekuja kukaa na mimi. Mwaka mzima hakuna aliyekuja."

Mama Tupo alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini sakafuni, mzee wa kanisa na kitenge chake kilichopigwa pasi. "Mimi ndiye niliyemwambia amngoje," alikuwa akisema. "Kila Jumamosi, kwa mdomo huu. Mngoje Kaka Rabson. Mngoje Kaka Rabson."

Mchungaji alipofungua mlango, nje palikuwa na faili tu juu ya kiti. Pikipiki nyekundu haikuwapo. Alipiga simu polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, na Nesi Fausta akawapeleka wasichana wote wawili kutoa maelezo, mama akiwa nao. Rabson hakufika mbali. Alikamatwa jioni ile ile akiwa na begi, akitafuta njia ya kuvuka kwenda Nakonde, na kesi yake ikapelekwa mahakamani.

Habari za Tunduma hazihitaji redio. Jumapili iliyofuata watu waliokuja kanisani walikuwa wengi kuliko siku ya Pasaka, lakini hapakuwa na kelele. Kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Brenda na Tupokigwe walikaa pamoja nyuma.

Mchungaji Asajile hakuhubiri kwa muda mrefu. "Ndugu zangu," alisema, "mtoto aliyeumizwa tulimweka nyuma, karibu na mlango. Aliyemuumiza tulimweka mbele, tukamwombea. Kisha tukamwita Nesi aje atufundishe kuwakinga watoto, na mtu aliyekuwa na la kutuambia tukamtoa nje. Mimi ni mchungaji wenu, na naona aibu kusimama hapa."

Watu waliinamisha vichwa. Yule mzee aliyenung'unika kuhusu mambo ya zahanati alijifanya anatafuta kitu kwenye kitabu chake cha nyimbo, akakishika juu chini.

Ndipo Mama Tupo aliposimama kutoka kiti cha wazee. Alitembea njia ile ile aliyopita binti yake, taratibu, mpaka nyuma.

"Brenda, mwanangu, sogea kidogo nikae," alisema.

Brenda alisogea. Mama Tupo akakaa, na sauti yake kubwa ya sokoni ikafika mpaka madhabahuni ingawa alikuwa analia. "Nilikuita mtu aliyeharibika. Nilimtuma mtoto wangu akufukuze. Hapa ndipo pangu leo, mwanangu. Unisamehe."

Mzee mwingine alisimama akaja, kisha mwingine. Benchi likalia kwa uzito, likajaa, hata yule mzee wa kitabu cha nyimbo alipofika alikosa nafasi, akabaki amesimama ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa. Mtu mmoja alicheka kwa huruma, na kicheko hicho kikamfanya hata Brenda atabasamu.

Baada ya siku hiyo hakuna msichana aliyewahi kupelekwa tena kukaa kwenye benchi lile. Mazoezi ya kwaya yalianza mapema zaidi, na wazazi wakapeana zamu ya kuwarudisha watoto, wawili wawili, kwa miguu. Mama Tupo aliomba zamu ya kwanza. Nesi Fausta aliendelea na semina, na Brenda alikaa kando yake mbele. Nesi alipouliza lile swali lake, "Utamwambia nani?", hawakujibu mara moja. Lakini semina ilipokwisha, msichana mmoja alibaki, akazungukazunguka, kisha akasogea kwa Brenda akaomba kusema naye pembeni.

Mwezi wa kwanza Brenda alirudi shuleni, bibi yake akabaki na mtoto. Siku za kwanza wenzake walimnyooshea vidole. Alipita katikati yao uso ukiwa juu.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumapili ile ya benchi kujaa, Tupokigwe na mama yake walirudi nyumbani kwa miguu. Walipita kwenye foleni ya malori. Dereva mmoja mwenye mvi alikuwa akiosha sufuria kando ya tairi. Alipowaona aliacha kazi, akawapisha njia.

"Habari za ibada, mama?"

Mama Tupo alisita. Katika miaka yote ya kupita pale hakuwa amewahi kumjibu dereva.

"Njema, baba," alisema. "Safari njema."

Walipanda kilima. Karibu na nyumbani, Mama Tupo alisimama ili apumue, au labda hakutaka maneno yake yasikike ndani ya nyumba.

"Sikiliza, mwanangu. Usichukue zawadi ya siri, hata ikitoka kwa mtu anayesali. Ubaya hauvai sare ya kazi ukaujua kwa macho. Hilo ni lako ulishike. Na hili ni langu mimi. Nilikufundisha kuogopa aibu kuliko kuogopa hatari, na yule kijana akaitumia aibu hiyo kukufunga mdomo. Alimfunga Brenda hivyo hivyo. Aibu ni ya atendaye ubaya, si ya anayetendewa." Alimfuta binti yake machozi kwa pembe ya khanga. "Siku nyingine likikupata jambo, hata kama umekosea, njoo kwangu kwanza. Nitakasirika, sikufichi. Lakini nikimaliza kukasirika, nitakuwa bado mama yako."